Nani Alifuta Njia ya Chini?

Mulenda, tarehe 3 mwezi wa tatu 1974

Kwako mudogo wangu Tharcisse,

Jambo sana, we na bibi yako na batoto. Siye huku tunapumua, Mungu asifiwe. Muhindi haikutoka mingi mwaka huu, nguruwe ya pori ilikula kuliko siye. Bwana yangu Kabongo anakohoa tena juu ya moshi ya makala, lakini haachi kazi. Mutoto wetu wa mwisho ameanza masomo kwa bamasere ba misioni na anajua kuandika jina yake.

Juu ya anvelope niliandika Nkulu Kisimba, sawa uliniomba, juu majina ya kizungu imekatazwa, bakubwa bako basikukasirikie. Lakini humu ndani ni mi na we. Mi, dada yako mukubwa, nilikubeba mu mugongo na jina ya Tharcisse, na Tharcisse ninakuita.

Sasa nisikilize. Mama amevunjika kiuno. Analala chini ku mukeka tangu siku kumi na mbili, hawezi kusimama, hawezi kugeuka kama sijamugeuza.

Ni juu ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Tangu mwezi wa kwanza, kila siku ya posho, siku ya sita, shefu wa kolektivite anatutosha bote inje na majembe, bamama na bazee, kufanya barabara mupya ya miguu. Plani ilitoka kwenu Kolwezi. Banasema mugini yote itembee mu njia moja, ya mustari, yenye kuwa na mufereji huku na mufereji huku. Njia yetu ya chini, ile ya kandokando ya muto, balifunga na miiba. Mwenye anapita kule anafungwa.

Basi mama alikuwa anatoka ku shamba na kitunga ya mihogo ku kichwa. Kabongo alikuwa anaenda na mufuko ya makala. Balikutana pale njia inazunguka kichuguu, uso kwa uso. Mama-bukwe na mukwe wake, Tharcisse! Miaka kumi na tatu nimeolewa, habajaonana macho ata siku moja. Mama hakuwa na fasi ya kupisha. Alijitupa mu mufereji na kitunga yake.

We unafanya kazi mu ile biro yenye kuchora. Uliza nani mujinga alichora hii karte ya njia, kisha umuambie afungue njia ya chini. Mwezi wa kumi mvua inarudi, na mama bila shamba yake hataishi. Unamujua. Anasema akipona lakini njia ikibaki vile, hatatoka tena nje ya nyumba.

Mi yaya yako,
Odile


Kolwezi, tarehe 22 mwezi wa ine 1974

Mupendwa yaya Odile,

Ninakusalimia sana, na ninasalimia shemeki Kabongo. Hapa tuko bazima. Mutoto wa kwanza alipata maleria lakini ameshapona. Mama-bukwe wangu, mama Tshibola, iko anatusaidia mu nyumba. Nisamehe kuchelewa, kazi ilikuwa mingi na muntu wa kubeba barua ku treni hakupatikana.

Habari ya mama iliniumiza sana. Ninatuma dawa ya kupaka, vidonge bya maumivu, na kitambaa mupya. Mupelekeni ku dispansere.

Juu ya ile plani: yaya, plani ya njia haitoke kwa muntu mumoja. Kuko komisio, kuko foto zenye zilikamatwa na ndege, kuko bakubwa benye banatia sahihi. Siwezi kusema ni fulani. Na ujue plani iko na mazuri yake. Zamani batoto ba Mulenda balikuwa bakifika ku masomo na nguo za mayi mpaka ku magoti. Sasa kuko madaraja tatu ya miti, na mugonjwa anaweza kubebwa mu kipoyi, kile kiti cha kubeba ku mabega, mpaka ku dispansere bila kuanguka. Njia mbili kwa mugini moja, zenye kutoka fasi moja na kufika fasi moja, serikali haiwezi kuzitunza zote mbili.

Nitasema neno na usikasirike. Mama hakukuwa na lazima ya kujitupa. Siku zimegeuka. Mama Tshibola ni mama-bukwe wangu, anakaa kwangu, tunakula pa meza moja kila mangaribi. Hakuna muntu amekufa.

Mulezee mama polepole.

Nkulu


Mulenda, tarehe 12 mwezi wa tano 1974

Tharcisse,

Jambo. Dawa ilifika. Kitambaa pia kilifika, mama alikishika, akauliza kama umetuma barua yake. Nilisema ndiyo, umemusalimia. Umeniweka mu uongo na mama yangu.

"Siku zimegeuka." Aka! Zimegeuka kwa nani? Nilisoma ile fasi nikatoka nje kupumua, Kabedi muke wa katekista akaniuliza kama nimepata habari ya kifo.

Sasa nikufundishe, sababu inaonekana bamumpe, bale bapadri bako, walikufundisha bintu byote isipokuwa byetu. Njia ya juu ni ya banaume, ya bakwe, ya bageni. Njia ya chini ni ya bamama. Mwanamuke akishaozesha binti yake, anashuka, anatembea chini, ili asimupatie mukwe wake haya na asipate haya. Chini kule tunalobeka mihogo mu mayi, tunaoga, tunalia kama kuko ya kulia, tunasema mambo yetu. Hakuna aliandika hiyo ku karatasi. Miguu ilijua. Njia mbili zinatoka fasi moja na kufika fasi moja, kweli kabisa, na hiyo njo maana yake!

Unasema mama hakukuwa na lazima ya kujitupa. We ungefanya nini mbele ya shefu wako kama nguo ingekuanguka? Mama yako alifunika heshima ya binti yake na mwili yake. Ulipashwa kumusifu, si kumulaumu.

Na Kabongo? Umemusalimia Kabongo, asante. Kabongo halale tena hapa. Amejenga kibanda kule porini fasi ya makala, anasema ye njo alimuvunja mama-bukwe wake, hawezi kukaa karibu na mulango yake. Niko na mama mu mukeka na bwana mu pori. Batoto banapelekea baba yao bukari ya unga mu sahani yenye kufunikwa, sawa mugonjwa wa ukoma.

Na mama Tshibola wako, mwana wa Kasai, muntu wa heshima: usifikiri anakula pa meza yako kwa furaha. Anakula pale sababu hana fasi ingine.

Nilikuuliza kintu kimoja. Nani alichora? Nipatie jina. Nitapanda treni mi mwenyewe.

Odile


Mulenda, tarehe 7 mwezi wa saba 1974

Nkulu Kisimba,

Miezi mbili hukujibu. Nilisema labda unagonjwa. Nilikuombea ku misa, mi mupumbavu.

Jana niliitwa ku biro ya kolektivite juu banasema siku moja sikufika ku salongo. Nilikuwa ninamuogesha mama. Karani aliniambia ningoje. Ku ukuta, nyuma ya meza yake, kuko karte kubwa ya njia zote za miguu, kutoka gare ya treni ya Mutshatsha mpaka kwetu na kupita. Nilisogea nione Mulenda yetu. Barabara mupya iko na wino nyekundu. Muto iko na wino ya bluu. Kandokando ya muto, fasi ya njia ya chini, karatasi ni nyeupe, lakini imekwanguliwa. Muntu alikuwa ameichora, kisha akakamata wembe akaitosha. Inaonekana bado kama kovu.

Chini, ku kona, kuko jina ya mwenye kuchora. Nilisoma mara tatu. Ni ile jina mi mwenyewe ninaandikaka juu ya anvelope.

"Siwezi kusema ni fulani." Tharcisse! Mwezi wa ine uliandika ile neno na mukono ile ile yenye ilishika wembe! Ukanituma vidonge! Ukanifundisha habari ya madaraja!

Uliona njia ya mama yako ku foto. Uliiona, uliichora, ukaifuta.

Sijamuambia mama. Si kwa kukuhurumia. Ninaogopa atakubali kufa.

Odile


Kolwezi, tarehe 30 mwezi wa saba 1974

Yaya,

Sitaanza na habari ya nyumba, utasema ninapoteza wakati.

Ni mi. Nilichora, nilifuta. Citoyen Tshibangu, mwananchi sawa siye lakini mukubwa wangu, alisimama nyuma yangu, akatia kidole juu ya foto, akasema: "Mistari mbili sawasawa, moja ni ya bure, tosha, futa." Aliniuliza: ya juu ao ya chini? Niliangalia. Ya juu iko kwenye udongo nguvu, ya chini iko mu matope. Nilisema ya chini. Ilikamata dakika moja. Kulikuwa migini makumi ine ku karte ile, na ilibaki siku tatu ya kumaliza.

Sikujua ni ya nini. Sasa kasirika na unisikie. Nilikuwa na miaka saba wakati mulinitia mu treni kwenda kwa mujomba. Nililia pale gare, we ulinishika mukono ukasema nikuwe na akili, nisome, nisaidie jamaa. Nilisoma. Nani aliniambia habari ya njia ya bamama? Kila likizo nilikuwa mugeni, munanichinjia kuku na kunipitisha njia ya juu. Munanilaumu sijui kintu chenye hamukunionyesha ata siku moja!

Na sasa unataka nifanye nini? Karte imetiwa sahihi. Komisere, mukubwa wa serikali, atakuya kuangalia barabara tarehe 26 mwezi wa kumi, kuko hotuba, kuko banamuziki. Nikienda kusema nilikosa, nitakuwa muntu mwenye kuharibisha kazi ya serikali. Unajua wakati tuko ndani yake. Niko na batoto bane na nyumba ya kazi. Wakinifukuza, wanatosha na bitanda inje siku ile ile.

Mulete mama hapa Kolwezi. Atakaa kwangu, kuko dokta, kuko mayi mu robine. Hatahitaji njia yoyote.

Tharcisse


Mulenda, tarehe 22 mwezi wa kenda 1974

Kwako Tharcisse,

Jambo. Siye tuko. Mama anasimama sasa, na fimbo mbili, kutoka kitanda mpaka mulango. Kabongo anakohoa mu pori yake.

Neno yako ya gare ilinikata. Ni kweli, hatukukuonyesha. Lakini kutojua ni mambo moja, na kuficha ni ingine. Ulijua tangu barua yangu ya kwanza. Mwenye kuuliza njia hapotei, banasema, na we hukuuliza, kisha hukujibu benye balikuuliza.

Mama kukaa kwako, mu nyumba yenye mama Tshibola iko ndani, bakiangaliana kama kuku mu kizimba? Nilimuuliza. Alicheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu alianguka.

Sasa habari. Siku ya posho iliyopita, tarehe 14, kapita, musimamizi wa kazi ku mugini, alipiga kengele ya salongo. Bamama ba Mulenda balitoka na majembe, hakuna aliyebaki. Lakini hatukupanda ku njia ya juu. Kabedi alitangulia, siye tukafuata, tukashuka mpaka ku miiba. Tuliitosha. Tulilima njia ya chini kutoka mugini mpaka shamba, tulitia mawe fasi ya matope, tuliweka muti ya kuvukia. Kapita alikuya na hasira, akauliza tunafanya nini. Kabedi alimujibu: "Salongo, citoyen. Hukusikia kengele?" Yoo, nilicheka mpaka machozi!

Kisha polisi ya kolektivite ilikuya. Balitukamata bane: Kabedi, mama Fidélie wa pembeni yetu, muke wa kapita mwenyewe, na mi. Siku mbili tulikaa mu kachot ya polisi, juu ya simenti, bila mukeka. Karani alisoma karte mbele yetu, akasema: "Njia hiyo haiko." Nilikuwa ninakaa juu ya matako yangu yenye baridi, matope yake bado ku miguu, na muntu ananiambia njia haiko.

Njo bubaya yenye ulifanya, uielewe vizuri. Shefu anasema mbele ya ile tarehe 26 ya Komisere atafunga tena, na safari hii atapanda miiba ya kuota, kama hatukuleta karatasi ya Kolwezi. Karatasi moja, Tharcisse, yenye kuwa na mustari moja. Mama anahesabu hatua kutoka kitanda mpaka mulango, anasema zikifika mia atajaribu kushuka.

Siulizi tena kama mutoto wa kuomba. Ninakuambia. Ilikamata dakika moja kufuta. Rudisha.

Odile


Kolwezi, tarehe 16 mwezi wa kumi 1974

Yaya Odile,

Ninakuandikia na haraka, kontroleri wa treni anangoja hii barua na ile rulo ya karatasi. Uiweke pa kavu.

Barua yako niliisoma mangaribi pa meza. Mama Tshibola alikuwa mbele yangu. Nilimuuliza, kwa kujichekesha, kama ye pia kwao Kasai alikuwa na mambo haya ya kukimbia bukwe. Bibi yangu aliacha kula. Kisha mama Tshibola akasema, akiangalia sahani: "Tata, miaka sita ninakula pa meza yako. Umeshaona macho yangu?"

Nilitafuta mu kichwa. Yaya, sijue macho yake. Sijue ni ya namna gani.

Sikulala vizuri. Asubui nilienda kwa citoyen Tshibangu, nikamuambia nilifuta njia yenye bantu banatembea, na haikuwa ya bure, na nilijua tangu mwezi wa tatu. Alinifokea mpaka bantu ba biro ingine bakakuya ku mulango. Aliniita adui wa maendeleo. Nilimuambia bamama ba Mulenda balishailima na mikono yao, mu salongo, na kama Komisere ataona njia yenye haiko ku karte, nani atafokewa? Hapo akakaa. Alisema nichore, lakini na alama ndogondogo tu, isionekane mingi.

Sikuchora na alama ndogondogo. Niliichora na wino nyekundu, sawa ile ya juu. Alitia sahihi bila kuangalia. Muhuri iko.

Kisha alinitosha ku meza ya kuchora. Sasa ninafuata bapimaji kule karibu na mugodi ya Mashamba, ninabeba fito ya kupimia mu jua na vumbi, pamoja na bavijana. Nyumba bado hawajanitosha. Tutaona.

Mu anvelope hii kuko barua ingine, imefungwa. Ni ya mama. Nimemuambia ni mi. Umusomee, yaya, sababu mi sina nguvu ya kusema mbele yake. Umusomee polepole.

Mudogo wako,
Tharcisse


Mulenda, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 1974

Mudogo wangu Tharcisse,

Jambo sana. Bamama ba Mulenda banakusalimia, na Kabedi kwanza. Mama Tshibola, umupatie heshima zangu zote, na umupikishie chakula chake fasi yake. Mufanyie kameza kake.

Karatasi ilifika tarehe 21 mwezi wa kumi. Nilienda nayo mi na Kabedi na muke wa kapita. Karani aliitandika ku meza, akaangalia muhuri, akaangalia tena. Shefu alisema vizuri, kumbe njia iko. Kumbe! Miezi kumi! Nilitaka kumutemea mate, Kabedi alinivuta na kitambaa. Siku ya Komisere balipiga muziki juu kule, na siye tulikuwa chini tunalobeka mihogo.

Mama alishuka siku ya posho, tarehe 9. Fimbo mbili, mi nyuma yake. Alisimama mara kumi na moja. Mguu ya kuume anaikokota, haitarudi sawa zamani, na ninataka ujue hiyo. Lakini alifika ku shamba. Alikaa mu udongo akapanda mistari mbili ya karanga akikaa, na alinifukuza wakati nilitaka kusaidia. Kabongo alisikia habari. Mangaribi alirudi na vitu byake, akapita nyuma ya nyumba kama desturi, na sasa anakohoa hapa.

Juu ya kazi yako mupya, ninasikitika kidogo. Kidogo tu. Kasirani yangu haijaisha na sitakudanganya.

Wakati wa kurudi, pale ku muti ya kuvukia, mama aliniuliza: "Odile, ule mwenye alifuta hii njia, unamujua?" Nilisema ndiyo. Akasema: "Alizaliwa na nani?" Nilimushika mukono avuke. Akakokota mguu mpaka mulango.

Barua yako ya mama, sikuifungua. Iko humu ndani, ninakurudishia. Nilisoma barua zako zote mwaka huu, nilibeba uongo yako mu kinywa yangu miezi yote, si mi tena nitamuambia mama mutoto yake alifanya nini.

Treni inafika Mutshatsha siku ya ine. Kutoka gare mpaka kwetu ni kilometre kumi na moja. Mama na kiuno ya kuvunjika ametembea. We uko na miguu mbili mizima. Njoo umuambie.

Yaya yako,
Odile